Aliyenyamaza Mavani

Siku aliyozikwa Dokta Kificho Nassor, ami yake, Mzee Jaribu, alisimama pembeni mwa kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi, akafanya kama wafanyavyo wenye maiti wote wa kijiji cha Gando. Alisema mwenye haki yake kwa marehemu asione haya, aje kwa jamaa. Kisha akawaomba waliohudhuria wamsamehe kwa lolote lililopita baina yake na wao.

"Tumemsamehe!" wakaitikia wanaume kwa pamoja.

Mmoja hakuitikia.

Wanawake hawafiki mavani, kwa hivyo Mwanamize, dada wa marehemu, aliyasikia haya baadaye kwa ami yake, ukumbini, majamvi ya msiba yakiwa bado yametandikwa.

"Kijana mrefu, ndevu kidogo, kanzu ya rangi ya maziwa," alisema Mzee Jaribu. "Kasimama mkabala nami. Midomo ya watu wote inakwenda, wake umefungwa kama ulioshonwa."

"Labda kilio kilimkaba, Ami."

"Halii huyo. Anatazama udongo tu. Wewe Mwanamize, mtu anakuja kuzika, anachota mchanga kwa mikono yake anatia, halafu kusamehe hataki? Ana lake jambo huyo."

Neno lile lilimwingia Mwanamize likakaa. Kificho alikufa kwa figo, hajafika hata uzee wa mvi. Akifa mtu wa umri ule, wapo wanaouliza kwanza nani kamfanyia uchawi, na habari za figo huja nyuma. Mwanamize alikuwa mtu wa sala na hakuyapenda maneno hayo. Hata hivyo, kila aliyeingia kutoa pole siku zile, alimtazama mdomo kwanza.

Kificho alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao, Mungu amrehemu, alikuwa na kifafa. Siku moja alikwenda pwani kuokota chaza na wanawake wenzake, maji yametoka, yaliyobaki hayafiki hata magotini. Akaanguka kifudifudi ndani ya dimbwi. Wenzake walikuwa wameinama, kila mmoja na kikapu chake, na walipogeuka alikuwa ameshakwenda. Kificho alikuwa bado mtoto wa skuli ya msingi. Watu walisema kachukuliwa na shetani wa pwani. Shehe akasema ni kadari ya Mola. Kificho aliyakubali ya shehe, akayakataa ya watu, akabaki kumuuliza dada yake swali lile lile kila walipokaa kula: "Lakini dada, pale alipokuwa akianguka, ndani ya kichwa mnakuwa na nini?"

Mwanamize alikuwa amemaliza kidato cha nne na jina lake limetoka kwenda kusomea ualimu. Hakwenda. Alikaa na cherehani yake barazani, akashona sare za skuli na makanzu ya Idi, akasomesha watoto wa jirani juzuu, na mdogo wake akaenda Dar es Salaam, akaenda na Ulaya, akarudi na udaktari ambao Gando ilichukua muda kuuelewa. Wazee walimfuata na magoti yao yanayouma. Akawaambia yeye si daktari wa kutibu, ni mtafiti wa ubongo. "Dokta asiye na hata sindano!" wakamcheka, na jina hilo likamganda.

Hata Mwanamize aliwahi kumuuliza, "Sasa wewe unamfaa nani?"

Kificho akatoa simu, akamfungulia ukurasa wenye orodha ndefu ya maandishi ya Kiingereza na namba pembeni. "Mimi naandika makala, naeleza nilichokiona kwenye ubongo wa watoto wetu wanaopata degedege la malaria. Mtu yuko Brazili, anasoma, anajenga kazi yake juu ya yangu, na anasema wazi kwamba hili nimelipata kwa fulani. Huko ndiko kunukuliwa. Namba hii ni hesabu ya walionitaja."

"Na huyu Mbarouk ni nani? Mbona yuko yeye, wewe humo?"

"Ndiye mimi. Wao hushika jina la mwisho. Kificho Nassor Mbarouk, basi naitwa Mbarouk."

"Yaani Brazili wanamtaja babu?"

"Kila uchao."

Babu Mbarouk alikuwa mkwezi wa mikarafuu, na saini yake ilikuwa dole gumba. Ndugu wawili walicheka mpaka Mwanamize akashika mbavu.

Lakini aliporudi kwenye cherehani yake aliliwaza jambo lile kwa upande mwingine. Alikwishawasomesha watoto wengi kwamba binadamu akifa amali zake hukatika ila kwa mambo matatu, na moja ni elimu yenye kuwanufaisha watu. Akaona basi namba ile ni thawabu zenyewe, zinahesabika machoni kama pishi za mchele. Kificho alipokufa, hiyo ndiyo ikawa faraja yake. Kila baada ya sala ya alfajiri aliufungua ukurasa ule kwenye simu yake. Mtu yuko kaburini na namba inapanda. "Kitabu cha ndugu yangu hakijafungwa," alikuwa akisema, na mkono ukawa mwepesi zaidi kwenye cherehani siku nzima.

Matanga yalipoondoka, kijana wa kanzu ya rangi ya maziwa akabisha hodi. Alikuwa na pakacha la halua mkononi.

"Assalaam alaykum. Mimi Haitham, wa Wingwi. Nilisoma na Kificho, tukafanya kazi pamoja."

Mzee Jaribu, aliyekuwa ukumbini, aliitikia salamu kwa nusu sauti. "Nilikuona mavani."

"Nilikuwepo, Mzee."

"Na mdomo ulikuwa nao?"

Haitham aliweka halua chini. "Ulisema mwenye haki yake kwa marehemu aje. Nimekuja."

"Kiasi gani?"

"Si pesa, Mzee."

Hapo Mzee Jaribu alizidi kuogopa. Pesa angejua pa kuzitafuta.

Haitham alieleza taratibu, akimtazama zaidi Mwanamize. Makala ya Kificho iliyonukuliwa kuliko zote ni ile ya watoto wa Wingwi na vijiji jirani, ambao degedege liliwaacha na watu wakadhani wamepona. Mtoto ametulia, anakodoa macho tu, mama anamshukuru Mungu. Kumbe akifungwa nyaya za mashine ya kusoma umeme wa ubongo, mawimbi yanaonesha degedege linaendelea humo ndani. Kazi hiyo waliifanya watu wawili. Waliwafuata watoto nyumba kwa nyumba pamoja, waliyasoma mawimbi pamoja, na sehemu kubwa ya maandishi ya mwanzo aliandika yeye Haitham. Karibu na mwisho baba yake aliugua, akarudi Wingwi kumuuguza. Makala ikatoka, na jina lake halimo.

"Nataka jina langu liwekwe. Nikiwaandikia wenye jarida leo, wataniuliza: mwandishi wa kwanza amekufa, jamaa zake wanasemaje? Hilo tu ndilo nililolifuata."

"Na alipokuwa hai ulikuwa wapi?" aliuliza Mwanamize.

"Nilimwambia. Tukagombana. Tangu hapo hatukusemezana."

"Maiti hajibu, Haitham. Unamdai mtu ambaye hajibu."

"Najua, Bi Mwanamize."

"Unasomesha?"

"Chuo kimoja, Unguja."

"Na jina likiingia, cheo kinapanda?"

Haitham aliinamisha kichwa kidogo. "Kinapanda."

"Aah!" alisema Mzee Jaribu, kama aliyekuta mwizi kwenye banda la kuku.

Wakamwambia arudi baada ya sala ya Ijumaa, wakakaribisha kahawa kwa maneno bila ya kuileta. Alipokwisha kutoka, Mzee Jaribu alilisogeza pakacha kwa ncha ya bakora yake. "Halua hii isiliwe. Mtu asiyesamehe mavani usile cha mkono wake."

"Ami, hayo si maneno ya Muislamu."

"Basi uile wewe."

Mwanamize hakuila. Kuitupa ni israfu, kwa hivyo akawamegea kuku uani, kisha, Mungu amsamehe, akakaa juu ya kinu akawatazama. Kuku walikula, wakafuta midomo mchangani, wakaenda zao kuparura. Alijionea haya, lakini halua iliyobaki pia aliwapa wao.

Nyumba ile ilikuwa na mtu wa tatu mwenye shaka zake. Laila, mjane wa Kificho, alikuwa amekaa eda katika chumba cha ndani, na tangu siku ya msiba alikuwa analia kwa namna mbili. Mwanamize aliweza kuzitofautisha, moja ya msiba na moja ya hasira. Alipomwingizia uji siku ile, Laila alimshika mkono.

"Wifi, nikuulize. Kificho alikuwa na mke mwingine?"

"Wewe! Umeyapata wapi?"

"Pale hospitali, kila akipata nguvu anachukua simu, anapiga namba moja. Haina jina. Haipokelewi. Anageukia ukutani. Nikimuuliza nani huyo, ananambia ni mtu wa kazini. Mtu wa kazini ndiye wa kumtoa mgonjwa machozi?" Akaitoa simu ya marehemu chini ya mto. "Namba ninayo. Nimeshamuombea dua mbaya mwanamke huyo kila baada ya sala."

"Umempigia?"

"Nikimpigia akasema 'naam mume wangu', nitafanya nini mie?"

Mwanamize alitoka chumbani akiwa na shaka mbili badala ya moja. Machoni mwa watu wote mdogo wake alikuwa mtu wa kunyooka. Sasa yuko anayesema aliiba, na yuko anayesema alificha.

Akamwita Ummkulthum, binti wa jirani, mwalimu wa baiolojia ambaye Kificho mwenyewe alimsomesha masomo ya ziada. Wakakaa barazani, Mwanamize akasimamisha cherehani.

"Nisomee ukurasa huu wote, usiniachie kitu. Majina hasa."

Ummkulthum alianza juu. Makala kubwa ilikuwa ya kwanza, na nambari yake pembeni ilizishinda nyingine zote zikijumlishwa. Jina la Kificho lilitangulia, katikati watu wengine, na mwisho profesa wa Ulaya aliyesimamia mradi. Haitham hakuwamo.

"Haya, shuka. Zile za zamani."

"Hii ya zamani... Kificho, Haitham. Hii nyingine, Haitham, Kificho. Hii, Kificho, Haitham." Ummkulthum alipunguza sauti. "Hata hii, Bi Mwanamize. Ndogo ndogo zote wako pamoja."

"Na baada ya ile kubwa?"

"Baada ya ile kubwa hawakuandika tena pamoja. Hata mara moja."

Ilikuwa kama kuzifuata nyayo za watu wawili pwani, zinakwenda bega kwa bega safari nzima, halafu pale penye chaza wengi, za mmoja zinakatika. Ama mtu yule aliondoka mwenyewe, ama alisukumwa.

"Watafiti huweza kuachana tu," alisema Ummkulthum kwa kumhurumia. "Mradi hubadilika."

"Ndiyo. Huweza." Akakumbuka Idi moja, simu ya Kificho inalia, Kificho anampa yeye: "Dada, akiwa Haitham mwambie sipo." Alimwambia hayupo, na Kificho alikuwa hapo hapo anakula pilau. Hakulitilia maanani siku ile. "Hebu niambie, namba inapanda kwa makala ipi hasa?"

"Kwa hii kubwa. Ndiyo inayozidi kutajwa."

Zamani neno hilo lingempa furaha. Sasa lilimtia hofu. Ikiwa kazi ile ni halali ya Kificho, kila anayemtaja kule Brazili anamtilia nuru kaburini. Lakini ikiwa nusu ni ya mwenziwe na aliichukua, basi namba ile ile, kila inavyopanda, inamwongezea mzigo, na yeye yuko chini ya udongo hawezi hata kusema basi. Alfajiri iliyofuata alisali, akaishika simu, akairudisha bila ya kuifungua.

Ijumaa Haitham alirudi, safari hii mikono mitupu. Mzee Jaribu alikuwa amejitayarisha. Alikuwa ameuchukua msahafu kwenye rafu, akauweka juu ya marufaa katikati ya ukumbi, na yeye mwenyewe ametia udhu. Mwanamize alikaa kwenye kizingiti cha chumba cha ndani, nyuma yake pazia, na nyuma ya pazia Laila.

"Sisi wengine hatukusoma hayo ya mawimbi," alisema Mzee Jaribu. "Sisi tunajua hiki. Weka mkono, apa kwamba kazi ile ni yako na marehemu alikudhulumu. Ukiapa, mimi wa kwanza kusema upewe."

Haitham aliutazama msahafu.

"Siapi, Mzee."

"Si nilikwambieni!" Mzee Jaribu alipiga goti lake kwa kiganja. "Si nilikwambieni mie! Ondoka, yakhe, ondoka na salama yako. Mwenye haki haogopi msahafu!"

Haitham aliinuka kweli. Lakini Mwanamize, ambaye siku zote hizi alikuwa akimchunguza kama nguo inayoshukiwa kuwa na tobo, aliona hakushtuka kama mtu aliyefumaniwa. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka.

"Keti," alisema. "Mbona huapi?"

"Niape nini, Bi Mwanamize? Niseme kazi ni yangu? Si yangu. Niseme alijua ananidhulumu? Sikuwa moyoni mwake. Lile wazo la kuwatazama watoto waliotulia, mpaka leo sijui nani alilisema kwanza. Tulikuwa tunatoka Wingwi, gari imezama kwenye tope, tumekaa kwenye jiwe tunangoja kusukumwa, tunazungumza. Likazuka. Huenda ni yeye. Nikiapa kwamba ni mimi, nitakuwa nimesema uongo juu ya kitabu cha Mungu ili nipate cheo."

Mzee Jaribu aliufunika msahafu, akaurudisha kwenye rafu.

"Na kwa nini jina halikuwekwa?" aliuliza Mwanamize.

"Profesa alisema aliyeondoka kabla ya mwisho hahesabiki. Nilikuwa Wingwi namgeuza baba kitandani. Kificho alikuwemo kwenye kikao. Neno moja tu lingetosha, 'Haitham yumo'. Hakulisema. Kijana mwenyewe, mgeni wa watu, anaogopa mradi usimponyoke, namuelewa. Lakini hakulisema."

"Na wewe hukumsamehe."

"Sikuweza kuitikia kitu ambacho hakikuwa moyoni. Wengine wanaitikia tu." Alikuna paji la uso. "Na bora niseme na hili. Alipokuwa mgonjwa alinipigia. Mara nyingi. Sikupokea. Nilijua ni yeye, nikaiacha ilie. Nilisema moyoni, anataka nimsamehe kwa simu ili alale vizuri, na jina langu libaki nje. Nikamtilia shaka mtu anayekufa."

Nyuma ya pazia kulisikika mtu anavuta pumzi. Halafu simu ikalia.

Ilikuwa inalia mfukoni mwa Haitham. Aliitoa, akaitazama. Simu ikamponyoka mkononi ikaanguka juu ya jamvi, na pale ilipoanguka wote waliona jina lililotokea: Kificho.

"Auudhu billahi!" Mzee Jaribu alirukia upande wa mlango na bakora yake. "Inatoka kaburini! Msiipokee! Msiipokee!"

"Inatoka hapa, Ami," ilisema sauti ya Laila nyuma ya pazia, na sauti yenyewe ilikuwa haijijui kama inalia au inacheka. "Ni mie ninayepiga. Ya Rabbi nisamehe. Kumbe siku zote hizi ninayemuapiza ni mwanamume mwenye ndevu!"

Mwanamize alishindwa kujizuia. Alicheka, machozi yakamtoka, akajifuta kwa ncha ya kanga. Haitham hakucheka. Aliiokota simu, akaishika kwa mikono miwili mpaka ikanyamaza.

"Mwambieni mjane," alisema baadaye, "mimi ndiye ninayepaswa kumuomba radhi. Pengine alikuwa na neno la kunambia." Akaitia simu mfukoni. "Nimemsamehe. Wallahi, hili naliapia. Nimemsamehe Kificho, la jina na yote mengine. Sitaki tena kitu."

Mzee Jaribu, ambaye alikuwa bado mlangoni, alirudi na tabasamu pana. "Alhamdulillah! Basi yamekwisha. Mwanamize, kahawa! Na leo iletwe kweli."

Mwanamize hakuinuka.

"Hayajaisha, Ami."

"Yapi tena? Mwenye haki kasamehe, na wewe umemsikia."

"Kasamehe ya jana. Na kesho je? Mtu atasoma ile makala kesho, atamtaja Kificho peke yake, nusu ya Haitham itachukuliwa tena. Na keshokutwa vivyo hivyo. Huyu atakuwa anasamehe mpaka lini? Mimi ninayesomesha watoto kwamba elimu ya mtu haifi, nijuavyo hivi nikae kimya, si nitakuwa nimeingia mle mle alimoingia Kificho?"

"Unataka kumvua nguo ndugu yako mbele ya walimwengu! Wataandika kwamba alikosea. Brazili nzima itajua!"

"Brazili haimuulizi kitu kaburini, Ami."

Mzee Jaribu aliondoka bila ya kunywa kahawa. Njiani, inasemwa, aliwaambia watu kwamba Mwanamize kalishwa kitu kwenye halua.

Haitham mwenyewe alimsihi aache. Kesho yake, Jumamosi, alipiga simu, akasema amefikiri, cheo kitakuja kwa njia nyingine, Kificho aachwe apumzike. Mwanamize akamsikiliza na shaka zake zote, akijiuliza kama hayo pia ni ujanja, kisha akaona amechoka kumshuku mtu anayekataa kupokea. "Siandiki kwa ajili yako," akamwambia. "Leta majina ya wanaotakiwa kuandikiwa."

Ummkulthum aliandika kwa Kiingereza, Mwanamize akimwambia kwa Kiswahili kitakachoandikwa, na akimrudisha kila alipoona neno limelainishwa. Kwamba wao ni jamaa wa marehemu. Kwamba wametosheka kuwa Haitham alishiriki kazi ile tangu mwanzo. Kwamba hawana pingamizi jina lake litiwe, na wanaomba litiwe. Laila, ambaye naye alipaswa kukubali kama mrithi, alisomewa nyuma ya pazia, akasema, "Tieni na langu. Nilimuapiza bure yule mtu."

Profesa hakupenda. Jibu lake la kwanza lilikuwa fupi na la mapambo mengi. Lakini wenzake wawili waliokuwamo kwenye makala wakakiri kwamba wanamkumbuka Haitham na mashine yake, na jarida likachapisha tangazo la masahihisho. Kulikuwa na sentensi moja ndani yake ambayo Ummkulthum aliisoma polepole: kwamba mwandishi wa kwanza, ambaye amefariki, hakumuorodhesha mwenziwe kama ilivyopasa. Itakaa hapo, mtandaoni, pembeni mwa jina lake, maadamu watu wanasoma.

Mwanamize aliisikiliza mpaka mwisho, mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Gando wako waliokwishaanza kusema kwamba Dokta Kificho kumbe alikuwa hivi na hivi, na dada yake ndiye aliyemtangaza. Mzee Jaribu alikuwa hajafika nyumbani kwa Mwanamize tangu ile Ijumaa.

"Na Haitham wamemuweka wapi?"

"Wa pili. Baada ya Kificho."

"Kwa hiyo sasa wakinukuu, watawataja wote wawili?"

Ummkulthum alisita. "Hapana, Bi Mwanamize. Wakiwa wengi, hutajwa wa kwanza tu. Wataandika 'Mbarouk na wenzake'."

"Haitham hatajwi?"

"Yumo ndani ya 'wenzake'."

Mwanamize alimtazama binti yule kama anayepima iwapo anamtania. "Taabu yote hii, aingie ndani ya 'wenzake'?"

"Ndivyo wanavyofanya kwa wote. Lakini anayefungua makala sasa atamwona. Zamani hata angefungua asingemwona."

Aliliwaza hilo. Hakujua kama linatosha, na hapakuwa na wa kumuuliza. Kificho, aliyezijua hesabu hizi, alikwenda nazo kaburini. Wala hakujua mdogo wake alitaka kusema nini kwenye zile simu, kama ni kulirudisha jina au ni kuomba radhi tu. Hilo lilibaki kwa Mola wake. Adhana ya alasiri ikaanza msikitini. Akaondoa sare ya mtoto wa watu chini ya sindano, akaikunja, akaenda kutia udhu.

Aliposali alikaa juu ya mswala muda mrefu kuliko desturi yake. Ummkulthum, aliyekuwa bado barazani, alimsikia akiomba dua kwa sauti ya chini. Aliyataja majina mawili, moja la mfu na moja la aliye hai, kila moja na la baba yake na la babu yake.